Utepe Nilioufunga Mimi

Wiki hii mwanangu ameumwa na mbwa hapa Area D, karibu na genge tunaponunua nyanya. Jeraha lenyewe ni dogo, matundu mawili kwenye muundi, na alikuwa ameshaacha kulia tulipofika kituo cha afya. Kijana mwenye mbwa alikuwa muungwana, nikiri hilo. Hakukimbia. Aliita bajaji, akaja nasi mpaka mbele ya muuguzi. Muuguzi akauliza swali analoulizwa kila mtu: "Mbwa amechanjwa?" Kijana akajibu bila kusita, "Amechanjwa, dada. Si ana mkanda wake shingoni?"

Muuguzi akanigeukia mimi. Mimi ni mama mtu mzima, nina watoto wawili na funguo za ofisi, lakini ungeniona pale ungedhani ni mtoto wa darasa la nne aliyeitwa mbele ya mstari. Kaa basi nikueleze kwa nini, maana hadithi hii sijawahi kuisimulia hadi mwisho.

Nililelewa na bibi mzaa mama, hapahapa Area D, wakati habari za serikali kuhamia Dodoma zilikuwa bado ni maneno ya redioni. Ukizipita nyumba za mwisho kulikuwa na uwanja mtupu, na katikati yake banda la bati lenye ua wa miiba. Hicho ndicho kilikuwa kituo chetu cha wanyama. Punda waliochubuliwa migongo na mikokoteni ya maji waliletwa pale, paka waliovunjika miguu, na mbwa wa kila namna. Hakikuwa na mfadhili wala kibao. Kiliendeshwa na watu wa mtaani waliojitolea, na bibi yangu ndiye aliyewakusanya, mmoja mmoja, kwa ulimi wake. Watu walituita "wale wa mbwa", na hawakuwa wanatusifu.

Kila Jumamosi asubuhi Bibi alibandika pipa lililokatwa nusu juu ya mafiga, akachemsha mifupa kutoka buchani, akamimina pumba na unga wa uwele. Ile harufu mpaka leo nikiisikia mahali najikuta nimesimama. Mwezi wa saba, kile kibaridi cha Dodoma kikiuma, mimi niliota moto wa uji wa mbwa huku nikitafuna karanga mbichi, na sikuona ajabu yoyote. Mpita njia akifoka, "Watu hawana unga, ninyi mnapikia mbwa!" Bibi alijibu, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," kisha akamnyooshea mwiko amsaidie kukoroga. Wengi walikimbia. Wachache walibaki, na hao ndio waliokuwa kikundi.

Alikuwapo mwalimu mstaafu, aliyetukagua kucha kabla hatujagusa kidonda cha punda, wazee kwa watoto, kana kwamba tuko gwaride la shule. Alikuwapo mzee Mrangi kutoka Busi, sisi watoto tukimwita Babu wa Busi. Huyu alikuwa Mwislamu safi, akiwapenda punda kupita kiasi, na mbwa aliwagawia chakula kwa upawa aliouunga kwenye mpini wa jembe ili wasimfikie. Wenzake walipomtania msikitini, alisema, "Mate yake nitayaosha mara saba. Njaa yake nitaiosha na nini?"

Na alikuwapo Fundi. Fundi alikuwa mama mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja, mwenye cherehani ya miguu iliyolia barazani kutwa nzima. Kazi yake kwenye kikundi ilikuwa tepe. Bwana mifugo wa mtaa alikuja mara moja kwa mwaka na pikipiki na boksi lake la barafu, akawachoma mbwa sindano ya kuzuia kichaa. Kila aliyechomwa alifungwa shingoni utepe wa kitenge aliokata Fundi, rangi moja kwa mwaka mzima. Mwaka huo ilikuwa nyekundu. Hakuna utepe kabla ya sindano, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. "Mbwa wa mtaani hana cheti," Mwalimu alituambia. "Utepe ndio cheti chake." Na kilikuwa cheti kweli, kwa sababu halmashauri ilipotuma watu kuua mbwa wanaozurura, bwana mifugo alikwisha kupatana nao kwamba wenye tepe waachwe.

Sasa, kulikuwa na mbwa jike mmoja, rangi yake kama ganda la karanga, nami nikamwita hivyo hivyo, Karanga. Hakumkubali mtu ila mimi. Siku ya sindano, alipoona tu pikipiki, alipenya kwenye miiba akapotea. Bwana mifugo alifunga boksi lake akaondoka, na kurudi kwake ni mwaka mwingine. Jioni ileile gari la matangazo likapita na kipaza sauti: kuanzia mwezi ujao, mbwa yeyote anayezurura atauawa. Sikula. Bibi aliniwekea mlenda ninaoupenda, nikautazama tu.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilifungua kopo la biskuti ambamo Bibi alitunza tepe, nikachukua moja. Nikamkuta Karanga nyuma ya banda, nikamfunga. Nilifunga mafundo matatu, nikakaza, nisije nikaona utepe umedondoka. Nilijiambia nitasema kesho. Unajua kesho za mtoto zilivyo.

Jumamosi iliyofuata Fundi alikuja kugawa uji. Akamwona Karanga akikohoakohoa, akisugua shingo kwenye nguzo. "Nani kamkaba huyu maskini namna hii?" akasema, akainama kuulegeza utepe wake mwenyewe. Karanga akamng'ata kiganja, akatoka mbio uwanjani, hakuonekana tena.

Bibi alitaka Fundi aende hospitali hapohapo. Fundi akacheka. "Nimemfinya mimi, angefanyaje? Halafu ana utepe, huyo ameshachomwa." Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Hata Babu wa Busi alikubali. Waliosha kiganja kwa sabuni, wakafunga kitambaa, wakaendelea kugawa uji. Mimi nilisimama na ndoo mkononi. Nikisema, Karanga atauawa. Nikisema, nitachapwa. Nikinyamaza, ah, hapo ndipo akili yangu ilipokataa kwenda mbele.

Nilikuwa nimemsikia bwana mifugo akieleza kwamba mtu mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Anaona kiu lakini koo linakataa. Basi kuanzia Jumatatu, nikitoka shule, sikuvua hata sare. Nilijaza kikombe cha bati maji ya mtungini, nikampelekea Fundi barazani, nikasimama mbele yake mpaka anywe. Nilitazama koo lake. Likipanda na kushuka, nilipata pumzi ya kunifikisha kesho yake.

"Mtoto huyu ana malezi," alimwambia Bibi kutoka upande wake wa ukuta. "Kila siku ananiletea maji. Wangu mwenyewe hanikumbuki."

Maneno yale yalinichoma kuliko fimbo. Usiku nilisikia cherehani ambayo haikuwa inashona. Darasani nilihesabu siku badala ya hesabu nilizopewa. Na baada ya maji nilikwenda uwanjani kumwita Karanga, nikaita mpaka sauti ikakauka, sikuona hata unyayo.

Alhamisi Fundi alikuwa anapinda sketi. Nikamnyooshea kikombe. Hakukipokea.

"Weka hapo, mwanangu. Leo koo linaniuma, maji siyawezi."

Kikombe kilinitoka. Maji yakalowesha sketi ya mteja, Fundi akainuka anishike, akidhani nimepatwa na kizunguzungu.

"Fundi, Karanga hakuchomwa."

"Hakuchomwa nini?"

"Sindano. Utepe nilifunga mimi. Niliuiba kwa Bibi."

Miguu yake ilikuwa bado juu ya kanyagio. Akageuza kiganja, akalitazama lile kovu jekundu. Nilingoja kofi. Ningelishukuru. Lakini alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Niitie bibi yako. Kimbia."

Nilimweleza Bibi yote, nikihema. Alijitanda khanga, akamshika Fundi mkono, wakaenda hospitali. Walipokuwa wanatoka getini aligeuka akaniambia, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Omba tusifike kwenye kilio." Nikabaki peke yangu na ile cherehani. Ndipo nilipojua hofu ni kitu gani, maana hadi siku ile nilikuwa naogopa kwa ajili yangu.

Fundi alianza sindano jioni hiyo. Koo lilikuwa mafua, tulikuja kuambiwa, lakini daktari alisema mbwa asiyejulikana alipo hawezi kuaminiwa, na sindano zote lazima zikamilike. Tukaingia kwenye kungoja.

Jumamosi nilisimamishwa mbele ya kikundi nikaeleza mwenyewe. Nilipomaliza, walianza kubishana, si juu yangu, juu ya tepe. Babu wa Busi alisema, "Ni mbwa mmoja. Tukilipeleka hili kwa bwana mifugo, mwezi ujao watawaua wote. Tunyamaze, jamani." Naye alikuwa akilia, mzee mtu mzima. Mwalimu akasema, "Tukinyamaza, mtu mwingine ataumwa, ataona utepe, atarudi nyumbani akicheka." Wote wakamtazama Fundi, kwa kuwa mkono ulikuwa wake.

Fundi alichukua mkasi wake. Akamwita mbwa wa kwanza, akakata utepe. Akamwita wa pili. Alikata tepe zote alizozishona, mkono mmoja ukiwa umefungwa bandeji, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyethubutu. Mwalimu akaenda kwa bwana mifugo kusema ukweli. Bwana mifugo alisikitika, lakini jibu lake tulilijua kabla halijatoka: kama utepe hauthibitishi, yeye atawaambia nini wale watu wa bunduki?

Siku ya kumi na moja tangu amng'ate Fundi, Karanga alirudi. Mzima, mwenye njaa, utepe wangu na mafundo yake matatu bado shingoni. Mbwa mwenye kichaa hamalizi siku kumi akiwa hai, kwa hiyo Fundi hakuwa hatarini tena. Bibi alipiga kigelegele kimoja kifupi, akaenda jikoni, nikamsikia akilia.

Siku zilizobaki kabla ya mwezi wa kuua kuanza, kikundi kiliwakusanya mbwa ndani ya ua, wote waliowezekana kukamatwa. Babu wa Busi alitupa ule upawa wake, akawabeba kwa mikono. Waliobaki nje walikuwa wengi. Siku milio ya bunduki ilipoanza ilikuwa asubuhi, tuko mstarini shuleni, na kila mlio nilijua aliyeufyatua ni mimi. Karanga wangu alikuwa amefungwa kamba uani kwa Bibi. Aliishi miaka mingi, akazeeka, akafa kwa uzee. Sikuweza kumgusa tena kama zamani, na yeye, maskini, hakuelewa kwa nini.

Fundi alinisamehe. Hata sare yangu ya sekondari ni yeye aliyenishonea. Ila maji sikumpelekea tena, naye hakuniomba.

Leo pale penye banda pana maghorofa mawili na mashine ya kutolea pesa. Bibi amelala makaburini. Mwalimu alimfuata mwanawe mbali, Babu alirudi Busi na punda wawili wazee wasiofaa kwa mkokoteni, nasikia alizikwa hukohuko. Fundi hakushona utepe mwingine maishani mwake. Kikundi kilijikokota mwaka mmoja hivi, kikafa bila mkutano. Watu husema kilikufa kwa sababu viwanja vilipimwa. Mimi husikia na kuitikia.

Basi muuguzi akanitazama, kijana akanitazama, na mkanda ule mzuri wa ngozi wenye kengele nilikuwa nimeuona kwa macho yangu.

"Ulimwona akichomwa?" nikamuuliza kijana.

Akasita. "Nilimkuta nao, dada. Aliyeniuzia ndiye aliyesema."

"Mchome mtoto," nikamwambia muuguzi.

Tulipokuwa tunarudi, mwanangu alinishika kidole. "Mama, usiwaambie wamuue." Macho yake niliyajua. Niliyaona zamani kwenye kioo cha kabati la Bibi. Nikamwambia kwamba muuguzi ameagiza mbwa afungwe, aangaliwe siku kumi, na kwamba kama ana neno lolote analoogopa kunieleza, anieleze leo, asingoje kesho.

Kesho yake alitoka shule, akapita jikoni bila kuvua sare, akatoka na bakuli la maji kwa mikono miwili. Nikamfuata hadi kwa yule kijana. Tulisimama mbali kidogo na kamba, bakuli likasukumwa kwa fimbo, mimi nikitazama koo la mbwa.

Leo ni siku ya nne. Bado anakunywa.