Viwavi wa Mlimao wa Nyanjige

Tangu mumewe, mzee Limbu, azikwe, nyumba ya Nyanjige pale Nkololo ilibaki na sauti ya kuku tu. Mabinti waliolewa mbali. Masunga, kitinda mimba wake, ni dereva wa ofisi Lagangabilili, na Lagangabilili si Ulaya. Ukipanda pikipiki asubuhi, chai unanywea kwa mama. Lakini Masunga alikuwa na kazi nyingi, na simu zake zilikuwa fupi. Mpweke hachagui wa kukaa naye. Nyanjige aliwapata viwavi.

Ilianza na kipepeo mkubwa, mweusi mwenye madoa ya manjano, aliyekuja kwenye mlimao wa karibu na mlango. Hakutafuta maua. Alitua jani hili, akalipapasa kwa miguu kama mpishi anayeonja mboga, akaliacha, akaenda lile, kisha akakunja tumbo na kubandika yai moja. Akaondoka zake.

"Na wewe unawaacha wanao kwangu?" Nyanjige alicheka peke yake.

Viwavi walipoanguliwa walifanana na mavi ya ndege, na ndege wakawapita bila kuwagusa. Walipokua waligeuka kijani. Ukiwagusa wanachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa, na harufu kali inakupiga puani. Kila asubuhi Nyanjige aliwaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akimgusa mmoja ili apate jibu. Aliyenenepa kuliko wote alijifunga kijitini kwa uzi wake mwenyewe, akavua ngozi, akawa kifuko. Nyanjige akahamishia kigoda chake hapo. Alitaka amwone akitoka, na alitaka kwa nguvu hadi akajionea aibu.

Jirani yake Apolonia hakumwacha. "Wenzio tunafuga ng'ombe, wewe unafuga viwavi?"

"Angalau hawa wananijibu," alisema Nyanjige.

Jumapili moja Masunga akaja bila taarifa, kupulizia pamba ya mama yake. Furaha ilimpeleka Nyanjige mbio jikoni. Akachinja kuku, akasonga ugali. Alipotoka na maji ya kunawa, harufu ya sumu ilikuwa imejaa uani. Masunga alisimama chini ya mlimao, bomba mgongoni, jasho likimtoka, anatabasamu.

"Mayu, mti wako ulikuwa unaliwa. Sumu ilibaki, nikaumalizia."

Amlaumu nani? Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha shambani tangu utotoni: kiwavi ukimwona, usimuulize jina. Mkulima wa pamba hana kiwavi rafiki. Chini, mmoja alikuwa anajikunja, pembe zote nje, kana kwamba anamfukuza ndege. Kifuko kilikuwa kimelowa chote.

Alitaka kumwambia. Lakini aliona jinsi mwanawe alivyofurahi kumfanyia jambo, akaogopa: akimkemea, hatarudi.

"Wabeja, baba," alimshukuru mwanawe. "Karibu chakula."

Kifuko kilisinyaa, kikawa cheusi, na hakuna aliyetoka. Masunga naye akapotea kama kawaida yake. Mvua zikaosha mlimao, ukachipua, na kipepeo mwingine akapita, akaonja, akaridhika.

Siku hiyohiyo simu iliita.

"Mlimao vipi, mayu? Wadudu hawajarudi? Kama wapo, nije Jumapili."

Yai lilikuwa mbele yake, dogo, la manjano, kwenye jani jipya kabisa. Nyanjige aligeuza uso asilione.

"Wamerudi, baba," alisema. "Njoo upulizie."