Viatu vya Nje

Binti yangu alipotimiza miaka minne nilimpeleka chekechea ya mtaani kwetu, Mji wa Kale. Miguu yake haimchukui. Huenda kwa kiti cha magurudumu. Mwalimu alimpokea vizuri. Waliositasita ni wazazi.

Darasa lile ni la mikeka. Watoto huvua viatu mlangoni, maana hapo hapo ndipo wanaposomea Kurani. Nyanya mmoja, aliyekuwa akimleta mjukuu wake kila asubuhi, alisema kwenye mkutano wa wazazi kwamba magurudumu yanatoka njiani na najisi zake, hayawezi kupanda mkeka. Akapendekeza binti yangu akae barazani, asikilize kutoka mlangoni. Wengi waliitikia kwa vichwa. Nikaomba wiki moja.

Sikubishana. Mimi ni fundi wa viti, niliyejifunza kazi kwa kufungua vibovu na kuvirudisha, na nimezoea kuuliza kabla ya kushika nyundo. Nilichukua daftari nikawazungukia wazazi, kuanzia madukani kwetu mpaka Tudor. Mama mmoja aliogopa mwalimu angemsahau mwanawe. Baba mmoja alichelea binti yangu asije akachekwa. Lakini kila mmoja, nilipokuwa nikiaga, alirudi kwenye magurudumu. Nikaona hilo ndilo la kutengenezwa. Mengine watoto wangeyajibu wenyewe.

Nikaunda kiti cha pili, kifupi, usawa wa watoto waliokaa chini, chenye magurudumu madogo ya mpira ambayo hayakuwahi kugusa njia. Siku ya saba nilikibeba begani hadi darasani, wazazi wamesimama mlangoni. Nikamhamishia binti yangu humo, na kile kikubwa nikakiegesha kwenye safu ya viatu.

"Bi mkubwa," nikamwambia yule nyanya, "hivi ni viatu vyake vya nje. Amevivua."

Akainama, akayapapasa magurudumu madogo, akavitazama vidole vyake. Mjukuu wake alikuwa keshamsukuma binti yangu mpaka katikati ya mkeka, wenziwe wakigombania zamu.

"Haya, fundi," akasema. "Sasa utaunda ishirini, maana huyu wangu hatakaa chini tena."

Habari ya baraza iliishia hapo. Yule mama aliyeogopa mwanawe kusahauliwa alinisimamisha Tononoka juzi, akaniambia mwanawe sasa anahesabu mpaka mia. Mtoto huyo ndiye mhesabu zamu za kusukuma. Na adhuhuri, watoto wakishavaa viatu vyao, humletea binti yangu vyake.