Shamsa anasubiri cherehani ya mama yake ikohoe tena

Milango ya chuma ya maduka ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, bado imeshushwa. Barazani, Shamsa Abdulatif anafuta vumbi kwenye meza ya cherehani, anapitisha uzi mweupe kwenye tundu la sindano, kisha anafanya jambo ambalo mafundi wenzake wamekwisha kulizoea: anainama, analaza sikio juu ya mbao, anakanyaga pedeli taratibu.

Anasikiliza. Cherehani inakwenda laini kama maji.

"Bado," anasema, na kuanza kushona sketi ya shule.

Shamsa, mwenye miaka 36, mchana ni fundi nguo, jioni ni mwimbaji wa Nyuzi Tatu, bendi ndogo ya pop isiyo na meneja wala kampuni. Wenzake ni Pantaleo, muuza zipu na vifungo wa duka la pili kutoka hapo, anayepiga gitaa, na Abdulhamid, mchuuzi wa soksi, anayepiga kinanda. Ngoma hawana. Mapigo yao yalikuwa cherehani hiyo hiyo, ambayo marehemu mama yake Shamsa, Bi Sitara, aliikanyaga miaka ishirini na mbili hapo hapo barazani.

Ilikuwa na kilema chake. Chuma kidogo kinachobeba bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, kilikuwa kimelika, hivyo kila pigo la tatu lilichelewa kidogo na kutoa mlio kama wa mtu anayekohoa kwa adabu mlangoni. Albamu ya kwanza, Pindo, waliirekodi kwa simu barazani, na kikohozi hicho ndicho kilichowashika watu. Ilisikilizwa mtandaoni mara elfu arobaini na moja. Wabeba mizigo walipita na magunia kichwani wakikiigiza kwa ulimi.

Albamu ya pili wakataka kuipa heshima. Walichanga mwaka mzima wakapata shilingi milioni moja na laki nane za studio. Naye Shamsa, wiki moja kabla, akaipeleka cherehani kwa fundi wake: mkanda mpya, mafuta, na kile chuma kilicholika kikang'olewa, kikawekwa kipya.

"Ndivyo mama alivyonilea," anasema. "Ukialikwa kwa watu unaoga, unapiga nguo pasi. Niliipamba kama bibi harusi. Sikujua naiziba mdomo."

Studioni hakuna aliyegundua. Wote walikuwa wakistaajabia vipaza sauti. Albamu hiyo, Nguo ya Kutokea, ilipotoka mwezi Machi, pongezi zilikuwa za upole mno, zile za mtu anayesifia pilau huku akisogeza sahani. Mwezi mzima ilisikilizwa mara elfu mbili na kitu. Mbeba mizigo mmoja alisimama barazani akamwambia ukweli: "Dada, mmeimba vizuri, ila kama mko hospitali."

Aliyeutambua ugonjwa ni Bi Najma, mteja wa mama yake tangu Shamsa anatambaa chini ya meza ile. Alikuja kupunguziwa dera, akaitikia shikamoo, akausikiliza wimbo mmoja wa albamu mpya hadi mwisho, macho kayafumba.

"Mwanangu, cherehani ya mama yako umeifanya nini?"

Shamsa akamjibu kwamba ameitengeneza.

"Umemnyamazisha Sitara," alisema Bi Najma.

Shamsa hakulia pale. Alilia nyumbani, akiosha vyombo. Kesho yake alirudi kwa fundi kukitafuta kile chuma; kilikuwa kimekwenda na vyuma chakavu.

Ndipo Pantaleo, asiyejua kuzungusha maneno, akatoa hoja watafute mpiga ngoma. Wakakubaliana cherehani ipewe muda hadi Desemba. Isipokohoa, ngoma zinaingia, na Shamsa ataimba amesimama, mikono mitupu. Analiogopa hilo kuliko anavyosema.

"Nikiikanyaga, naimba na mama," anasema. "Nikisimama, niko peke yangu."

Habari zikaenea mtaani. Bi Najma alisema chuma huzeeka kwa kazi kama watu, akaleta mapazia mazito ya nyumba nzima. Wakafuata wengine na suruali za jinzi, mifuko ya sokoni, aproni za wauza nyama. Kuna aliyeleta pazia zima kabisa, akaomba lishonwe tena juu ya mshono wa zamani. Mzigo mkubwa kuliko yote, turubai la futi thelathini, uliletwa na Pantaleo.

Shamsa akamuuliza kama si yeye aliyetaka ngoma.

"Nataka albamu ya tatu," alijibu, akitazama pembeni. "Shona."

Hiyo ya tatu wameshaipanga. Itarekodiwa hapo barazani, kwa simu, asubuhi kabla mikokoteni haijaziba njia, na hakuna kitakachopigwa pasi.

Sasa ni saa nne, mtaa umefurika. Sketi imekunjwa, turubai limejaa mapajani, na Shamsa amefika kwenye pembe, tabaka nne kwa pamoja. Sindano inazama, inapanda, inazama. Kisha inachelewa, kidogo tu.

Mguu wake unasimama juu ya pedeli. Kule dukani, bunda la zipu mkononi, Pantaleo naye ametulia.

"Imekohoa?"

Shamsa analaza tena sikio juu ya mbao.

"Imesafisha koo," anasema, na kukanyaga tena.