Udhaifu wa Shujaa wa Furaha

Kwetu Masisi, mtu akimpa mtangazaji wa redio maandishi, basi anataka yasomwe hewani. Kwa hiyo Furaha, mtengeneza fromaji, yaani jibini, wa Karuba ambaye mimi ni mteja wake, aliponipa daftari lenye riwaya yake ya mapenzi na kusema, "Kaka, utaniambia uzuri na ubaya wake," mimi ninayejigamba kwamba sipitwi na kitu sikuuliza zaidi.

Alhamisi nikaketi mbele ya maikrofoni. Nilisifu ng'ombe wanaozungumza, na kijiji ambako hakuna anayekimbia vita, balaa kubwa ni fromaji kupasuka. Nilikiri kwamba utulivu ule ulinipumzisha moyo. Kisha nikaja kwenye udhaifu: shujaa. Kila Jumamosi anapanda kilima kununua fromaji, anauliza maswali mengi, anaandika kila jibu, lakini haoni kwamba msichana anayemuuzia anampenda.

"Mwanaume mjinga hivi," nikasema, "hayuko duniani."

Simu ya studio ikalia. Nikaipokea hewani.

"Kaka," Furaha akasema taratibu, "ile kitabu nilikupatia wewe, hapana redio. Na huyo mwanaume iko. Kila Jumamosi namufungiaka fromaji yake mimi mwenyewe."