Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Kuna wiki moja ya ujana wangu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Naikumbuka kwa pua kwanza, harufu ya iliki na makaa, kabla ya kuikumbuka kwa macho. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili, nami nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kabiria, pembeni mwa jiji, katika ploti yenye bomba moja na kamba za nguo zilizopishana juu ya vichwa vyetu. Kazi yangu ilikuwa kufunga vitabu katika duka la uchapaji River Road. Mashine kubwa ikaharibika, tajiri akatuambia turudi wiki iliyofuata. Wenzangu walikwenda kulala. Mimi nikajiambia, wiki hii nitapika mapochopocho ya kale, kila siku aina yake, mpaka mkono wangu uzoee.

Jirani yangu wa mlango wa kushoto alikuwa Mama Mutuku, mtu wa Machakos, na tangu hapo sijaona mikono kama yake. Aliweza kuoka keki ndani ya sufuria, kwenye jiko la makaa, ikatoka imeumuka na kung'aa kama uso wa mtoto aliyepakwa mafuta. Krismasi, ploti nzima ilinusa mlangoni kwake kabla ya kukubali kwamba sikukuu imefika. Lakini mwezi ule alikuwa amemzika mumewe kwao, akarudi na nguo zikimning'inia mwilini. Jiko lake halikuwashwa tena. Chai alikunywa, chakula alikitazama tu. Niliogopa kwamba tutamzika na yeye pia. Ndipo nikaamua, chochote nitakachopika, cha kwanza kitakwenda kwake.

Jumatatu nikampelekea mandazi. Jumanne vitumbua, ambavyo vilishika chuma mpaka nikavichokoa kwa kisu, lakini ladha ilikuwapo. Jumatano mkate wa sinia, wenye nazi na mchele, nao ulinipendeza hata nikaimba peke yangu. Alhamisi nikathubutu keki ya sufuria, nikifuata nilichowahi kuona kwake. Chini ikawa mkaa, katikati ikawa uji. Hiyo nikaificha, nikampelekea kashata za njugu nilizonunua soko la Dagoretti. Ijumaa kaimati. Kila mara alifungua mlango nusu, akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema, “Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie,” kisha akafunga.

Sahani hazikurudi. Ijumaa hiyo mimi mwenyewe nilikula kwenye kifuniko cha sufuria. Tena nilipozunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo, nikawakuta watoto wa ploti chini ya dirisha la Mama Mutuku, midomo inang'aa sukari ya kaimati zangu.

Nilikwenda nimevimba kwa hasira hadi kwa Shosho, bibi mwenye ploti, aliyelima mahindi pale kabla ya kujenga vyumba na bado alikuwa na mistari michache kando ya lango. Nilimkuta akipukuchua.

“Shosho, huyu mama ananidharau,” nikasema. “Sahani anaweka, chakula anapea watoto.”

Hakuinua macho. “Nyambura, kwenu sahani ya jirani inarudi aje?”

“Na kitu ndani.”

“Hata kama ni nini?”

“Hata kama ni chumvi.”

“Sasa huyo mama ako na nini ya kuweka? Ile ya kwanza ulimletea pole. Ile ya pili ukamletea mzigo. Umemjengea ukuta ya sahani mlangoni, halafu unashangaa hatoki.”

“Mimi nilitaka tu akule, Shosho.”

“Mtu atakula aje na umemfunga mikono?” Akatupa gunzi kwenye ndoo. “Enda umuombe kitu. Na iwe kitu unataka kweli. Usimchezee, yeye si mtoto.”

Sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Kuuliza si ujinga, na kile nilichokitaka kweli kilikuwa kimeungua kwenye sufuria yangu. Jumamosi asubuhi nikabisha kwa Mama Mutuku mikono mitupu.

“Mama, keki ya sufuria imenishinda,” nikamwambia. “Chini inaungua, katikati inabaki uji. Kesho nataka kupeleka moja kanisani. Naomba unionyeshe.”

Akatoa kichwa nje ya mlango. “Hebu lete hiyo jiko nione.”

Nilileta jiko langu, limejaa makaa mekundu mpaka juu. Mama Mutuku akasimama mlangoni, mlango wazi wote, mkono kiunoni.

“Nani alikufunza hii? Unaoka keki ama unachoma mbuzi ya Dagoretti?”

Akapiga magoti. Akachukua koleo na kuyatoa makaa moja moja, akabakiza machache chini, yaliyoanza kuvaa majivu. Akatandaza mchanga kwenye sufuria kubwa, akaweka ndani yake ndogo yenye unga niliokoroga, akafunika, na yale makaa mengi akayapanga juu ya kifuniko kwa duara, kama mtu anayemvisha bibi harusi shada. Moto mwingi juu, moto mdogo chini. Nilitamani kufunua nione. Akanipiga kofi mkononi.

“Keki ni kama mgonjwa. Ukimfunua kila saa ataingiwa na baridi. Nusa.”

Nikanusa. Kwanza siagi, halafu iliki, halafu kitu kama mahindi mabichi yaliyochomwa. Hapo akasema, “Sasa,” akafunua, na keki ilikuwa imesimama, mwanangu, ya dhahabu kuanzia ukingo hadi ukingo.

Aliingia ndani akatoka na sahani zangu zote, zimeoshwa zikang'aa, zimepangwa kwa ukubwa. Akakata keki, akaweka kipande kwenye kila sahani, akanipa zote mkononi.

“Peleka kwako. Zilikuwa zinaninyima usingizi.”

“Na hii ya kanisa?”

“Kesho asubuhi utaoka yako. Mimi nitakaa hapa nikuchunge.” Kisha akaketi kwenye kizingiti, akauvunja ukoko uliobaki kwenye sufuria, akautia mdomoni. Akatafuna polepole. Akavunja mwingine. Mimi nilijifanya naangalia jiko, ili asione machozi yangu.

Mwanangu, wahenga walisema kutoa ni moyo, na moyo unao, nimekuona. Lakini ujue kwamba kupokea nako kuna maumivu yake. Anayepokea kila siku bila nafasi ya kurudisha huinama kidogo kidogo, mpaka akashindwa kukutazama usoni. Ukimkuta mtu ameanguka, mpe, halafu umwombe. Mwombe kile anachokijua kukushinda, nawe uwe unakihitaji kweli, kwa maana uongo hunuka hata ukitiwa iliki. Huzuni humwambia mtu kwamba hana kazi tena duniani. Wewe mwambie kwamba unamngojea na jiko.

Nakuombea majirani wa kweli na jiko lisilozimika. Mungu ajaze sahani yako, na kila itakapotoka mlangoni kwako, irudi na kitu ndani.