Jitu la Chuma Lililokataa Kukanyaga Chai

Mwishoni mwa miaka ya tisini, ndugu mdogo wa mama alirudi kwetu Kiptere, Kericho, akiwa na kompyuta moja, kofia moja nzito kama karai la fundi, na maneno mengi. Alikuwa ametengeneza kompyuta za watu mjini Nakuru kwa miaka kadhaa, na vitu hivyo alivinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga nyumba ili arudi kwao. Akakodi chumba kilichoshikana na kisiagi cha mahindi pale sokoni, akaweka benchi, akatandika kipande cha blanketi mezani, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimesahau kabisa kwamba likizo ni ya kusoma.

Ndani ya kofia ile kulikuwa na vioo viwili vidogo. Ukiivaa, Kiptere inapotea. Unajikuta umeketi ndani ya kichwa cha jitu la chuma lililopita mkaratusi kwa urefu, na ukigeuza shingo yako, nalo linageuza yake. Mezani kuna fimbo mbili za kushika: ya mkono wa kushoto inaongoza miguu, ya kulia inapiga mizinga. Majitu mengine yanakujia yakuvunje, na wewe unatakiwa uyavunje kwanza. Sisi tulilibatiza jitu letu chemosit, jina la lile zimwi ambalo bibi zetu walitutisha nalo ili tulale mapema. Waliobaki nje ya kofia walitazama vita kwenye skrini na kutoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba.

Shida ilikuwa kisiagi. Kikiwashwa, stima inashuka na kompyuta inazima. Mama yeyote akitokea na debe lake la mahindi, vita vilisimama mpaka asage, na tulimsalimia kwa adabu huku tukimlaani moyoni.

Nilikuwa kidato cha pili, na niliwachapa wavulana wote wa soko. Sijigambi, walioona wapo. Mbinu yangu ilikuwa moja tu, kwenda mbele moja kwa moja nikikanyaga kila kitu. Nilipenda ule mchezo kuliko nilivyopenda chakula. Nilimheshimu mjomba wangu kwa kuuleta, na hadi leo namheshimu, maana alituachia kitu cha thamani katika mikono yetu yenye matope.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alizunguka vituo vyote vya upande wetu, ambako wakulima hupeleka majani yao mabichi yapimwe, akayafikisha kiwandani kabla hayajanyauka. Mwanzoni mwa mvua za mwaka ule, lori likiwa limejaa, liliteleza kwenye kona iliyo chini ya shamba letu na kulala ubavu juu ya chai ya jirani. Hakuna aliyekufa. Taniboi wake, yule msaidizi wa lori, alivunjika mkono, nao ukapona. Baba ndiye hakupona. Walimpa kazi ya kuosha malori kiwandani, na siku moja alipojaribu kupanda kwenye kiti cha dereva, mikono ilitetemeka hadi akashuka. Mkubwa wa magari, mtu aliyempenda sana baba, alimwambia wazi kwamba kabla ya shule kufunguliwa arudi kwenye usukani, la sivyo lori litapewa dereva mwingine.

Nyumbani hatukulizungumza jambo hilo. Njaa haikunitisha, kwa kuwa tulikuwa na ng'ombe na chai yetu kidogo. Nilichoogopa ni kumwona baba akizunguka kwa njia ya nyuma ili asikutane na madereva wenzake. Mtu aliyekuwa akipigiwa honi na barabara nzima, sasa anapita katikati ya mahindi. Iliniuma, na sikujua la kufanya, basi nikawa nakimbilia ndani ya kofia.

Jumamosi moja mama alinituma sokoni kununua mafuta ya taa. Baada ya muda mrefu baba alikuja kunitafuta. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, na uso wake ulinieleza yote. Hata hivyo kabla hajafungua mdomo, mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, na kila mwenye shamba mle chumbani akafikiria majani yake. Ilipopungua ikabaki mvua ya kawaida, ile yetu ya Kericho isiyo na haraka.

"Shemeji, kaa hapa ujaribu," mjomba alimwambia. "Hii mvua haiendi popote."

"Mimi si mtoto."

"Hii si ya watoto. Msichana wako anatuchapa sisi wote."

Baba alinigeukia. "Wacha nione hii kitu inakukula siku mzima," akasema, akaketi.

Mjomba alimvisha kofia na kumfunga mkanda wake kidevuni. Mara nikaona mguu wa baba ukipapasa chini ya meza.

"Brake iko wapi?"

"Haina brake, shemeji. Ukitaka isimame, unaachilia mkono."

"Gari bila brake," baba akasema taratibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mbele ya jitu kulikuwa na kilima, na kilima kimejaa vitu vya kijani vya mraba vilivyopangwa kwa mistari. Labda aliyevichora alikusudia vichaka. Mimi nilikuwa nimevikanyaga likizo nzima bila kuviwazia. Baba alipofika hapo akalisimamisha jitu.

"Hii chai ni ya nani?"

"Si chai, baba. Ni rangi tu. Kanyaga."

"Siwezi kukanyaga chai ya mtu."

Akatafuta njia kati ya mistari mpaka akaipata. Akakaa upande wake wa kushoto. Kila alipofika konani alipunguza mwendo, akageuza shingo kuangalia kama kuna mtu anakuja. Wavulana walicheka wakashika mbavu. "Mzee anaenda kuchukua majani!" mmoja alipiga kelele. Nami nilicheka, siwezi kudanganya. Lakini kuna jambo nililiona, na mjomba naye aliliona, maana aliacha kucheka na kusogea karibu na skrini. Mikononi mwetu lile jitu lilipepesuka na kujigonga. Mikononi mwa baba lilitembea. Miguu yake ilishuka kwa upole, mmoja baada ya mwingine, na kichwa hakikuyumba hata kidogo.

"Huyu ndiye anaiendesha," mjomba akasema.

Hapo ndipo adui alipotokea juu ya kilima na kulipiga jitu letu kwenye goti. Lilikuwa kwenye mteremko. Lilielemea kushoto, likajaribu kujishika, likaanguka. Kwenye skrini mbingu ilisimama upande mmoja, na ule ukijani ukajaa upande wa pili hadi kwenye kioo. Nilielewa mara moja kwamba hivi ndivyo baba alivyoona siku ile, kupitia kioo cha lori. Mguu wake ulianza tena kupapasa chini ya meza, na hofu ikanishika, kwa kuwa nilidhani tumemmaliza kabisa, tena mbele ya watu.

"Mtoe, uncle," nikamwambia mjomba. "Mtoe hiyo kofia."

Mjomba akanyoosha mkono kuufikia mkanda.

"Wacha," baba akasema.

Mjomba akaacha. Tulisikia baba akivuta pumzi ndani ya ile kofia, akaishusha, akaivuta tena.

"Inainuka aje?"

"Vuta fimbo zote mbili, shemeji. Halafu usukume pole pole."

Akavuta. Jitu likakaa. Akasukuma pole pole, na dunia ikarudi mahali pake, mbingu juu, ardhi chini. Adui alikuwa bado anampiga. Mimi ningegeuka nimlipize hapo hapo. Baba alilirudisha jitu nyuma, mstari kwa mstari, akalitoa kwenye ile chai mpaka likafika barabarani, na hapo barabarani ndipo lilipovunjwa. Skrini ikawa nyeusi.

Alivua kofia mwenyewe. Ilikuwa imemwachia alama nyekundu kwenye paji la uso. Aliitazama mikono yake juu ya blanketi.

"Ningeweka gia ndogo kule juu," akasema. "Kabla ya kona. Mimi niliingoja mpaka nikafika konani."

Hakuna aliyeuliza ni kona gani. Tangu ajali ile hatukuwa tumemsikia akiitaja, hata kwa mama. Kisha akanigeukia na kuniuliza mafuta ya taa yako wapi, na ikabidi nikimbie dukani na ile chupa tupu.

Tulirudi nyumbani kwa barabara kubwa. Sikumwomba, aliichagua mwenyewe. Kwenye ile kona alisimama kidogo. Chai ya jirani iliyokuwa imelaliwa na lori ilikuwa imechipua upya, majani mororo kabisa. Baba aliigusa kwa kidole, tukaendelea.

Jumatatu aliondoka asubuhi, akiwa amevaa koti lake la zamani la kazi. Mchana mimi na mama tulikuwa shambani tukichuma, tumefunga plastiki kiunoni kwa sababu ya maji ya mvua kwenye majani. Mama alikuwa ameyasikia malori yakishuka kilima kile tangu alipoolewa, na nyimbo zake zote zilikatika kila yalipofika juu, ili asikilize kama ni la baba. Siku hiyo lori likaja. Mikono ya mama ikasimama juu ya mchai. Nami nilisimama.

Kule juu kabisa, mbali na kona, mahali ambapo dereva mwingine yeyote angekuwa bado anafurahia mteremko, injini ilibadilisha sauti. Ikawa nzito na ya taratibu, ikashuka hivyo hivyo mpaka chini.

"Ni baba yako," mama akasema, akarudi kuchuma.