Dakika Mbili za Maharage

Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, mamamkwe hakuuliza sababu. Aliilaumu maikrowevu ambayo mume wangu aliinunua mpakani Kobero. Alisema mionzi yake ndiyo iliyomchoma mtoto, na kwamba alishanionya: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilikasirika sana. Mimi nafundisha fizikia hapa Muyinga. Nikamweleza kuwa mionzi ile imefungiwa ndani ya sanduku, inatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yapate moto, na ukifungua mlango inakatika hapo hapo. Daktari naye alisema mimba hutoka tu, hata kwa asiye na umeme. Mama akasonya. Basi nikaapa mbele yake kwamba sitaacha kuitumia. Mume wangu yuko kazini Gitega, huja Jumamosi tu, kwa hiyo nyumbani tulibaki sisi wawili. Kila mchana nilipasha maharage nimesimama mbele ya kioo cha mashine ile, mikono kiunoni, ili anione vizuri.

Mdomo uliponza kichwa. Miezi minane baadaye nikakosa siku zangu, na hofu ikaniingia. Fizikia yote niliijua, lakini miguu ilikataa kusimama pale. Kwetu mimba changa haitangazwi. Hata mume nilikuwa sijamwambia. Nikiacha mashine ghafla, Mama atajua nina mimba, au atasema tangu mwanzo nilikuwa mbishi bure. Maji yalinifika shingoni. Nikawa nabonyeza kisha natoka mbio uani, leo kuanua nguo, kesho kufukuza kuku wa jirani. Zile dakika mbili nilizihesabu nikijidharau mpaka machozi.

Mama ni mtu wa Uvira, ameuza vitenge maisha yake yote, na macho yake hayapitwi na kitu. Siku ya nne nilipoinua sahani, akaninyang'anya.

"We toka hapo," akasema. "Mi tumbo yangu ilishamaliza kazi."

Akaniuliza kitufe ni kipi. Yeye aliyeiogopa mashine ile kuliko nyoka akakipa kioo mgongo, akatandaza kitenge chake kwa mikono miwili kama pazia la kunikinga, akafumba macho. Nilitaka kumwambia haina madhara, Mama, njoo. Sikuweza. Nilisimama mlangoni nimeshika tumbo, nikamwacha pale mpaka kengele ilipolia.